Yamaha DT125 ya shokapu moja: inafaa kununuliwa Unguja na Pemba?

Unguja ukitaja chombo cha zamani, wa kwanza kuitikia ni mwenye Vespa. DT125 haina jina hilo. Yenyewe iliingia Afrika kama punda wa kazi: ya bwana shamba, ya mtu wa afya, ya mradi wa maji. Anayeiona imeegeshwa chini ya mwembe hadhani kwamba ile shokapu iliyojificha chini ya tangi ina nasaba ya ubingwa wa dunia. Inayo, na ndiyo sababu ya kuitafuta. Ya kuiogopa ni chumvi, pamoja na oili ya boti.

Nasaba kwanza. Yamaha walitoa DT-1 ya cc 250 mwaka 1968, pikipiki ya barabarani iliyoweza kuingia porini bila kulia. Kwenye motokrosi, zile mbio za kuzunguka njia ya udongo yenye vilima na miruko, pikipiki za wakati huo zilikuwa na shokapu mbili fupi nyuma, kila upande moja. Zikishapata moto zinalegea, na tairi la nyuma linaanza kurukaruka kama mbuzi. Mhandisi wa Ubelgiji, Lucien Tilkens, akaja na wazo la shokapu moja ndefu iliyolala chini ya tangi, ikisukumwa na mkono wa nyuma, ule unaoshika tairi, wenye umbo la pembetatu. Yamaha wakalinunua wazo, wakampa Håkan Andersson wa Sweden, na mwaka 1973 akatwaa ubingwa wa dunia wa cc 250, taji la kwanza la Yamaha kwenye motokrosi. Heikki Mikkola wa Ufini akaongeza ya cc 500 mwaka 1977 na 1978. Wapo watakaokwambia hakuna kama Roger De Coster na Suzuki yake, mataji 5 ya cc 500. Sawa, lakini Suzuki ile huipati Mwanakwerekwe hata kwa dawa.

DT125 ya shokapu moja ni mpango ule ule uliopunguzwa makali, ukapewa taa na nafasi ya abiria. Silinda ina upana wa milimita 56 na pistoni hutembea milimita 50, jumla cc 123, tustroki, yaani injini inayochoma oili pamoja na petroli, inapozwa kwa upepo. Tairi la mbele ni inchi 21, la nyuma 18. Kwa njia za Pemba, ambako udongo mwekundu ukinyeshewa unakuwa sabuni, tairi hilo kubwa la mbele linapita juu ya mizizi na mashimo ambayo Boxer inaingia na kukaa. Kwenye maweni ya upande wa mashariki wa Unguja shokapu ya nyuma inameza makali ya mawe bila kukurushia kiti mgongoni. Nguvu zake haziko chini. Ziko katikati ya resi na kwenda juu. Anayeiendesha kama Boxer, kwa gia kubwa na resi ndogo, ataiona nzito na atachafua plagi kila wiki.

Sasa oili, maana hapa ndipo DT nyingi za visiwani zilipofia. Dukani utakuta oili za tustroki za aina mbili, na chupa zinafanana. Ile yenye alama ya TC-W3 ni ya mashine za boti. Mashine ya boti inapozwa kwa maji ya bahari, haipati joto la injini ya mapezi, yale mabati ya nje ya kupoozea kwa upepo, inayopanda mlima na mtu wawili. Ukiiweka kwenye DT, haihimili joto hilo: pistoni inakwaruza upande wa ekzosi, ringi zinanata kwenye mifereji yake, nguvu inapungua taratibu bila mwenyewe kujua. Tafuta chupa yenye alama ya JASO FC au FD. Na petroli iliyokwisha kuchanganywa kwa ajili ya boti usiikubali hata ikiwa bei nusu.

DT ina tangi lake dogo la oili na pampu inayopima yenyewe kulingana na resi na kiasi ulichofungua mafuta. Mafundi wengi wameing'oa, kwa hoja kwamba pampu ikifa injini imekufa. Hoja hiyo tunaikataa. Pampu yenyewe ni ngumu kufa. Kinachoua ni hewa ndani ya mpira wake baada ya tangi kuachwa likauka, au waya wake uliolegea ukawa hauvuti sawa na wa kabureta. Ikiwa tangi limekauka, jaza oili, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu, subiri mpaka oili itoke bila povu hata moja, ndipo ufunge. Kwa lita za kwanza changanya pia oili kwenye petroli kwa mkono, kwa tahadhari.

Ukiinunua imeshang'olewa pampu, kipimo cha oili kwa petroli ni 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa kila lita. Njia rahisi ni chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100: mbili kwa lita 5 za petroli. Fundi wa Vespa atakwambia moja inatosha, kwa sababu kipimo cha Vespa yake ni asilimia 2, na kwa Vespa hakosei. Pamoja na hayo, fundi mzuri wa Vespa ndiye mtu wa kumpelekea DT, kuliko kijana aliyejifunza kwa Boxer. Tustroki anaijua kwa sikio.

Kuna jambo la Pemba peke yake. Kwenye mteremko mrefu, DT isiyo na pampu ukifunga mafuta na kuiachia gia ishike, injini inazunguka kwa kasi huku petroli haiingii, na oili imo ndani ya petroli. Pistoni inateremka kavu. Vuta klachi utumie breki, au kila baada ya muda fungua mafuta kidogo uipe tone.

Kununua. Nenda asubuhi, na kabla ya salamu kwisha weka kiganja kwenye mapezi ya bloku, yaani silinda. Yakiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kukuficha kitu; mwambie utarudi. Ikiwa baridi, inyanyue choki, piga kiki. Nzima huwaka kwa kiki ya pili au ya tatu. Moshi wa dakika za mwanzo si kitu. Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu ya oili iliyoungua tofauti na ile tamu ya tustroki, maana yake sili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ya upande wa klachi imekwisha na injini inanywa oili ya giaboksi. Pima kijiti cha giaboksi, au fungua kizibo utazame: oili imepungua na hakuna inapovuja chini. Upande wa pili, wa magneto, sili ikikwisha inaingiza hewa. Dalili yake ni silensa, yaani mzunguko wa injini mafuta yakiwa yamefungwa, kupanda yenyewe: unafunga mafuta, injini haishuki. Hiyo usiiendeshe hata hadi kwa fundi, kwa sababu hewa hiyo inaongeza joto na pistoni itashika njiani.

Muuzaji akikwambia "imefunguliwa injini juzi tu," hapo ndipo pa kuanza kuogopa. Uliza nani alichonga bloku.

Hili linahitaji maelezo. Bloku ikichongwa hupanuka na kutaka pistoni kubwa zaidi, na za Yamaha hupanda kwa robo ya milimita: 56.25, 56.50, 56.75, 57.00. Bloku iliyofika 57 imebakisha kubadilishwa silivu, yaani bomba la ndani, au kutupwa, kwa hiyo namba iliyopigwa juu ya kichwa cha pistoni ina maana kubwa kwa bei. Lakini kosa linaloua bloku iliyochongwa vizuri ni dogo zaidi. Ukuta wa silinda ya tustroki una madirisha ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi, na mashine ya kuchongea ikishapita huacha kingo za madirisha hayo kali kama wembe. Mchongaji aliyezoea fostroki, ambazo hazina madirisha ukutani, anakurudishia bloku inang'aa na anaona kazi imekwisha. Ukiifunga hivyo, ringi itachomoza dirishani, itanasa ukingoni, itavunjika, na kipande kitakwenda kwenye pistoni mpya. Kila ukingo lazima ulainishwe kwa tupa ndogo na msasa mpaka ukipitisha ncha ya kidole isikwaruze. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, siyo kwa petroli pekee, kwa sababu unga wa msasa hubaki kwenye mistari ya ukuta. Ukishakauka upake oili mara moja. Kwa hewa ya huku bloku tupu huanza kutu kabla ya magharibi.

Wakati wa kufunga, mshale wa juu ya pistoni unaelekea ekzosi. Ncha za ringi zikae kwenye zile pini ndogo za mfereji, zisipande juu yake. Klipu za pini ya pistoni ziwe mpya, na mdomo wa krenki uzibwe kwa kitambaa kabla ya kuzitia, maana klipu ikiangukia ndani utafungua injini nzima. Kilomita 500 za kwanza usikae kwenye resi moja muda mrefu, na barabara iliyonyooka ya Unguja isikudanganye.

Wakati bloku iko nje shika konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Kucheza kidogo kulia na kushoto ni halali yake. Ikicheza juu na chini, hata kwa unywele, krenki inataka kazi, na hapo piga hesabu upya kama bado unaitaka.

Chumvi sasa. Rangi iliyobabuka tangini ni sura tu. Pa kutazama ni ekseli inayoshikilia mkono wa nyuma kwenye chesisi. Isipotiwa grisi inaganda ndani ya bushi zake, na mkono wenyewe ndio unaoisukuma shokapu. Ukiganda, ule ubora wote wa Andersson unakuwa chuma kilichonyooka. Weka kreti chini ya injini tairi la nyuma lielee, lishike ulisukume kushoto na kulia: likicheza, bushi zimekwisha. Kisha linyanyue na kuliachia. Lirudi chini kwa upole. Likidunda, shokapu haina tena oili wala gesi. Ndani yake mna naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa, basi asitokee fundi akaitoboa au kuichomelea. Kwa pikipiki inayolala karibu na pwani, grisi ya ekseli hiyo kila miezi 3 si nyingi, na baada ya kupita ufukweni ioshe kwa maji baridi jioni hiyo hiyo. Fungua pia breki za ngoma zote mbili. Mchanga wa matumbawe unaoingia humo unasaga viatu na ngoma yenyewe.

Ekzosi ni rahisi. Nguvu ikipungua na plagi ni safi, chomoa bomba dogo la ndani ya mkia wake, lichome, lipigepige, masizi yatoke. Vali ya ndimi iliyo kati ya kabureta na injini itazame dhidi ya mwanga: ulimi uliokatika ncha au usiolala vizuri unafanya chombo kiwe kigumu kuwaka, na wengi hubadili kabureta bure.

Spea za kawaida, kama plagi ya B8ES, cheni, viatu vya breki na waya, hazisumbui. Pistoni, sili na ndimi utaagiza Kariakoo, na hapo mpe muuzaji namba zilizo kwenye injini na chesisi, siyo neno "DT" peke yake, kwani kuna matoleo mengi na pistoni zinakaribiana kwa macho. Sili za krenki nunua jozi. Zile za bei ya kutupa mpira wake hukakamaa upesi, na kazi ya kuzifikia ni kubwa kuliko bei yake.

Kwa bodaboda hapana. Inakunywa petroli, na oili juu yake. Kwa anayekaa Makangale au Makunduchi, mwenye subira ya kupima oili, yenye krenki nzima na mkono wa nyuma usiocheza ni ununuzi mzuri hata ikiwa tangi limebonyea na kiti kimechanika. Ile iliyopakwa rangi mpya juzi, kiti kipya na stika zinang'aa, ipeleke kwanza juu ya kreti.