Saa ya mchanga ya dakika 30 kwa mwandishi: inafaa, ila ipime kwanza

Ubora wake mkubwa ni ukimya. Simu ikipima muda huleta na ujumbe, wazo likakatika. Hii haina mlio wala skrini. Igeuze, shika kalamu, andika bila kufuta chochote hadi mchanga uishe. Sentensi ya mwisho iache nusu, upate pa kuanzia kesho. Hapo ndipo mazoea haya yanapolipa kweli!

Usahihi wake ni wa wastani, na meza iliyoinama huuharibu zaidi. Dukani, ipime pande zote mbili kwa saa ya kawaida. Mchanga ukikwama shingoni, gonga kioo taratibu kwa kidole. Chagua yenye fremu ya mbao, maana kioo kitupu hubingirika na kuvunjika.