Ng'ombe mkongwe: ndama aachishwe mapema au aendelee kunyonya?
Meno yakishalika, ng'ombe mzee hatafuni vizuri majani makavu, na kidogo anachopata huishia kwenye maziwa. Ukimwachisha ndama akiwa na miezi 3 hadi 4, mama hurudisha mwili upesi. Hata ukimuuza, unauza nyama, si mifupa. Lakini ndama huyo atakudai: chakula laini chenye protini ya kutosha, maji safi, kivuli, na jicho lako kila siku, maana tumbo lake bado changa.

Kumwacha anyonye hadi miezi 7 ni kazi ndogo, na malisho yakiwa mabichi sina ubishi. Kiangazi, la. Mbavu za mama zikianza kuhesabika, mimi humtenga ndama bila kusubiri. Watalia siku tatu nne (usiku hamlali), kisha wanazoea.