Unga wa oksijeni wa kutoa madoa: kwa kanzu naam, kwa hariri hapana

Naupa nyota nne kwa tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu mkebe umeandikwa "kwa nguo zote", na hilo si kweli.

Unga wenyewe ni sodiamu pakaboneti. Ukiingia kwenye maji ya moto hutoa oksijeni, na hiyo ndiyo inayofuta rangi ya doa. Kwenye maji baridi kazi yake ni hafifu mno, na hapo ndipo wengi huulaumu bure.

Kanzu nyeupe ya pamba ndiyo inayouonyesha ubora wake. Kwanza kola na pindo zisugue kwa sabuni ya mche, maana mafuta ya mwili hayatolewi na oksijeni pekee. Kisha tia lita mbili za maji yaliyochemka na lita tatu za bomba kwenye beseni la plastiki, koroga vijiko viwili vya mezani vya unga mpaka uyeyuke wote, ndipo uzamishe kanzu. Saa mbili zatosha, na ikiwa kwapani pamekuwa njano sana, iache saa nne. Unjano huo kwa kawaida hutokana na jasho kuchanganyika na alumini iliyomo kwenye dawa ya kwapa. Ukiupiga klorini waweza kuzidi badala ya kutoka.

Beseni liwe la plastiki, si sufuria wala karai: unga huu hula alumini, na chuma huumaliza nguvu kabla haujaifikia nguo.

Kanzu ya polista ipunguzie moto: lita moja ya maji yaliyochemka kwa nne za bomba. Maji yakiwa makali mno, mikunjo hukaa na pasi haiitoi kirahisi. Kofia ya vito iloweke nusu saa tu, usiikamue, iache ikaukie juu ya bakuli lililopinduliwa ili isipoteze umbo.

Leso ijaribu kabla. Lowesha pembe moja kwa maji ya unga, bana kwa kitambaa cheupe dakika tano. Kitambaa kikipata wekundu au weusi, leso hiyo fua peke yake kwa maji baridi na sabuni ya kawaida. Wapo wanaoamini chumvi huzuia leso kuchuja. Mimi nimeijaribu, na iliyokuwa ikichuja iliendelea kuchuja.

Buibui jeusi haliuhitaji kabisa. Lipindue ndani nje, lifue kwa sabuni ya maji, lianike kivulini, na pasi iwe ya nukta moja juu ya kitambaa, la sivyo litang'aa kama limepakwa mafuta.

Hariri na sufi usiguse. Nyuzi zake ni protini, na unga huu una ukali wa magadi unaozila taratibu. Hariri itiwe maji baridi na shampuu kidogo, tena dakika chache tu. Joho la sufi lenye zari lipeleke kwa dobi wa kufua kavu.

Kwa wanaotumia maji ya kisima: kisiwa ninachokaa kiko juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hivyo maji yake mara nyingi yana chokaa, na sabuni ya mche huacha utando wa kijivu kwenye nguo nyeupe. Suuza mara tatu, na ya mwisho tia nusu kikombe cha siki kwa lita kumi. Siki na klorini zisikutane hata kidogo, hutoa gesi ya sumu.

Kasoro nyingine ni unyevu wetu. Mkebe ukiachwa wazi bafuni unga hugandamana na kufa. Kuupima, tupia kijiko kwenye glasi ya maji ya moto: usipotoa vipovu, umeshakwisha nguvu. Na uliokwisha kuyeyushwa usiufungie kwenye chupa, oksijeni itaipasua.