Kalibu za sabuni nilizozipata nyumbani: zilizonifaa na nilizoziacha

Kama unatengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi matupu, usianze na kalibu ndefu ya mche. Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza, kabla hatujafika kwenye bei. Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, na sabuni yake hukaza upesi kuliko ya mafuta mengine tunayoyapata hapa Dar es Salaam. Ukimimina usiku, asubuhi unaukuta mche mgumu kiasi kwamba kisu kinaupasua badala ya kuukata, na vipande vinatoka na kingo zilizomomonyoka. Saa za kuukata vizuri ni chache, na kama umelala au uko kazini zimekupita. Kwa hiyo sabuni ya nazi naimimina kwenye vyombo vidogo, chombo kimoja kipande kimoja, na kisu sikihitaji kabisa.

Vyombo hivyo vidogo vipo jikoni tayari. Ninavyovipenda kuliko vyote ni zile kontena nyeupe za plastiki za kubebea chakula, zenye mifuniko, zinazouzwa kwa dazeni Kariakoo, pamoja na kopo tupu la Blue Band. Kuta zake zinapanuka kuelekea juu. Sabuni ikikaza unazivuta kidogo kwa vidole hewa iingie, unakipindua chombo, unakibonyeza kitako, na kipande kinakudondokea mkononi kikiwa kizima. Mimina uji wa sabuni kimo cha vidole viwili tu, upate kipande kinachoshikika vizuri bafuni. Ukijaza kopo zima utapata donge ambalo mtoto hawezi kulishika.

Kabla ya kutumia plastiki yoyote, geuza chombo uangalie namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako. Ninayoiamini ni namba 5, yaani polipropilini, na baada yake namba 2, ile plastiki nzito ya madumu. Zote mbili zinastahimili kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na joto la sabuni. Na joto hilo lipo, watu hawalijui tu: uji ukishatulia ndani ya kalibu unaendelea kupata moto wenyewe, hasa wa nazi, na katikati unaweza kufika nyuzi 70 na zaidi. Ndiyo maana namba 6 siigusi. Vikombe vyembamba vya mtindi, vile vinavyopasuka kwa mlio ukivibana, mara nyingi ni vya namba hiyo. Kwenye joto vinalegea, na sabuni inatoka imejikunja ubavu. Chupa za maji za namba 1 nazo naziacha, kwa sababu joto na kostiki vinaidhoofisha plastiki yake.

Hapa nataka unisikilize kwa makini. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu. Trei nyingi za keki vilevile, na pia vile vyombo vya karatasi ya fedha vinavyofungiwa pilau kwenye shughuli. Kostiki inaila aluminiamu: inachemka, inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto, chombo kinageuka cheusi na sabuni inaharibika. Kupaka mafuta ndani hakusaidii chochote. Kuchanganyia, tumia stenlesi au plastiki nene ya namba 5, vaa glovu na miwani ya kinga, na siku zote kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki hata siku moja. Watoto wakae mbali na jiko mpaka uji uwe ndani ya kalibu na kalibu iwe juu ya kabati.

Kwa sababu hiyohiyo boksi la maziwa yanayodumu linataka uangalifu. Wengi wanalisifu, nami nalitumia kwa sabuni ya mafuta mchanganyiko, maana halivuji na siku ya kutoa unalichana tu. Lakini ndani yake mna utando wa aluminiamu uliofunikwa kwa plastiki nyembamba sana. Plastiki hiyo ikiwa nzima, sabuni haiufikii utando. Ikikwaruzwa na kijiko wakati wa kuosha, kostiki itapita. Mimi nalisuuza bila kulisugua, nakata juu kwa mkasi, naacha uji chini ya ukingo uliokatwa, na sirudii boksi moja mara mbili. Kuta zinatanuka kwa uzito wa uji, basi nalibana kati ya pakiti mbili za unga mpaka sabuni ishike.

Kalibu ya mche inalipa pale unapochanganya mafuta: nazi kidogo, mawese ya Kigoma, alizeti ya Singida. Alizeti inailainisha sabuni, na mche wa namna hii unakatika vizuri hata kesho yake au keshokutwa. Ikiwa alizeti ni nyingi, usiwe na haraka ya kutoa, ongeza siku. Kwa kazi hii fundi mmoja wa Keko alinigongea kisanduku kwa vipande vya mbao za paini vilivyobaki kwenye karakana yake, kuta zimefungwa kwa skrubu ili zifunguke. Bei yake haikuzidi sahani ya chipsi mayai na soda. Ndani natandika karatasi ya kuokea, na hadi leo hiki ndicho chombo ninachokitegemea kwa oda kubwa. Tahadhari moja: mbao zinatunza joto. Waliozoea nchi za baridi wanafunika kalibu kwa blanketi, lakini kwa joto letu la pwani sabuni yenye nazi nyingi itavimba na kupasuka mgongoni. Iache wazi, upande wenye upepo.

Boksi la viatu nalipa alama ndogo. Zamani watu walilitandika mfuko wa rambo ndani, na kila mkunjo wa mfuko ulibaki umechorwa kwenye sabuni. Mifuko ile ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, Kenya walitangulia Agosti 2017, kwa hiyo sasa ni karatasi ya kuokea, na usipokunja kona vizuri uji unapenya na boksi linalowa mpaka linalegea. Bomba la PVC la inchi 2 linatoa sabuni nzuri za mviringo, na vipande vyake vinapatikana kwa mafundi bomba karibu bure. Lakini usiumimine uji ndani hivihivi. Viringisha karatasi ya kuokea kwanza, ziba chini sawasawa, na ukitaka kutoa liweke kwenye friza saa kadhaa ndipo usukume. Bila karatasi utasukuma mpaka bega liume.

Za silikoni zenye maua ninazo pia. Nazisifu kwa haki: sabuni inatoka inang'aa na hazichakai mapema. Anayeuza zawadi za harusi azinunue. Anayeanza, nasema kwa moyo wote, hiyo fedha ainunulie mizani ya kidijitali. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 183 hivi za kostiki ili mafuta yote yageuke sabuni. Ya kuogea mimi naweka kama gramu 146, ili asilimia 20 ya mafuta ibaki, kwa sababu sabuni ya nazi isiyobakizwa mafuta inakausha ngozi. Tofauti kama hiyo kijiko cha chai hakiwezi kuipima, na kalibu iwe nzuri vipi haitaokoa sabuni inayounguza.

Mizani hiyohiyo itakupimia kalibu. Chombo cha mstatili, zidisha urefu, upana na kimo unachotaka kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.7, unapata gramu za mafuta zinazokitosha. Kisanduku cha 25 kwa 8, uji kimo cha 6, kinataka kama gramu 840. Kopo la mviringo lijaze maji hadi usawa unaoutaka, pima uzito wa maji hayo, nao uzidishe kwa 0.7 vilevile. Ukifanya hivi humalizi kazi ukiwa na uji uliobaki mkononi na hakuna pa kuutia.

Vipande vikishatoka vipange kwenye ungo, viachane, wiki 4 hadi 6 kabla ya kuogea. Nyumba zetu zina unyevu, vitatoa jasho kidogo juu. Vigeuze na kuvifuta kwa kitambaa kikavu. Na vyombo vyote nilivyomiminia sabuni nimevitia alama kubwa ya kalamu ya wino usiofutika, vinakaa kwenye ndoo yao nje ya jiko. Hata vioshwe vipi, humo hakiwekwi chakula tena.