TAHADHARI: Kuna fundi hapa Dar anakata paa za Starlet na kuahidi "rodsta". Nimeshapigwa, usimpe hela

Wakuu habari zenu. Nimesubiri wiki nzima hasira ipungue ndio naandika, ili niseme nilichokiona kwa macho na nilichokilipia kwa mkono wangu, basi.

Kuna jamaa anajitangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya magari, anasema anachukua gari ndogo ya zamani, Starlet, March, zile Vitz za mwanzo, anaikata paa anakutengenezea rodsta, yaani gari ya wazi ya siti mbili, kwa wiki 3 tu. Msimpe hela. Na kama gari yako iko kwake saa hii nenda kaitoe leo hii, hasa kama bado hajaigusa na grinda, maana akishakata hapo ndio umeisha. Jina na namba yake siweki hapa kwa sababu nina RB, yaani namba ya taarifa niliyofungua polisi, na jambo bado liko njiani, ila tangazo lake nitalieleza vizuri ukikutana nalo ulijue.

Gari yangu ni Starlet EP82, milango mitatu, injini 4E, gia za mkono. Niliuziwa na jirani yangu huku Kigamboni kwa 1.8m, bei ikawa hiyo kwa sababu ya paa. Wanaokaa karibu na bahari wanajua upepo wa chumvi unavyokula bati, hii gari chini ilikuwa nzima kabisa na injini ukigusa ufunguo mara moja imewaka, lakini paa kwenye ile mifereji ya maji ya pembeni lilishaoza mpaka unapitisha kidole, mvua ikinyesha unaendesha huku unalowa magoti. Sasa nikawaza, paa lenyewe limeshakufa, badala ya kutafuta lingine si nilitoe kabisa, siti za nyuma zitoke, nibaki na kagari kazuri ka kwenda nako Kimbiji na mke wangu Jumapili. Bado naamini lilikuwa wazo zuri na nitalimaliza, tatizo ni niliyempa kazi.

Kilichonivuta ni picha. Ana picha mbili zimeunganishwa, kabla na baada, kabla ni Starlet nyeupe imechoka, baada ni ya kijani, haina paa, nyuma kuna turubai jeusi limekunjwa vizuri na juu ya siti kuna bomba limepita. Nimeiangalia hiyo picha labda mara hamsini. Mdogo wangu aliiangalia mara moja tu, akaniuliza, "Kaka, mbona usukani uko kushoto?" Kweli, usukani uko kushoto. Gari zetu zote hizi zilizotoka Japani usukani uko kulia, ya kushoto ni ya huko Ulaya. Tukaitafuta ile picha kwa Google kwa njia ya picha, tukaikuta ni ya mtu mwingine kabisa, kapiga miaka mingi iliyopita, na huyu fundi amefuta namba za gari tu kwenye hii anayotumia yeye. Lakini hayo tuliyagundua nimeshalipa. Kwa hiyo la kwanza kabisa ukiona picha za kazi za fundi wa magari angalia usukani, angalia namba za gari, angalia hata ukuta na miti ya nyuma, halafu mwambie akupeleke kwa mteja aliyemaliza kazi yake ukaione gari kwa macho. Huyu mimi nilimwambia hivyo akanijibu "wateja wangu bosi ni watu wakubwa hawapendi kusumbuliwa", nikakubali.

Tulipatana 2.4m. Advansi akataka 1.7m, nikalipa kwa simu, jina lililotokea ni la mwanamke, nilipouliza akasema ni mke wake laini yake ina tatizo. Siku ya pili tu akanitumia video grinda inakata nguzo za paa, cheche zinaruka, nikafurahi kweli kuona jamaa anachapa kazi. Kumbe video ile ndio ushahidi wa jinsi alivyoiua gari, na baadaye nilipomuonyesha fundi mzee mmoja wa kunyoosha bodi aliangalia sekunde chache akarudisha simu, akasema, "Mwanangu, huyu amekata kabla hajafunga."

Naomba nieleze hapa taratibu kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike, hela ni jambo moja ila hili linaweza kumuua mtu. Gari ndogo kama Starlet haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover au lori, bodi yenyewe ndio chesisi. Paa, nguzo, sakafu na yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango vyote vinashikana kubeba uzito. Yule mzee alinionyesha kwa debe, debe likiwa zima unaweza hata kulikalia, ukishalikata mdomo wote unalibonyeza kwa mkono linapinda. Kwa hiyo anayejua kazi, kabla hajagusa paa, anasimamisha gari sehemu iliyo sawa ikiwa juu ya matairi yake, anachomelea vyuma vya kukingamana kwenye nafasi za milango ili upana usibadilike, halafu anaimarisha yale maboksi ya chini kwa paipu ya mraba nzito kutoka mbele mpaka nyuma, anapitisha nyingine sakafuni kutoka kushoto kwenda kulia nyuma ya siti, anaongeza nguvu kwenye fremu ya kioo cha mbele, NDIPO anakata. Hata wenye viwanda hawakatagi hovyo. Karmann wa Ujerumani walipoanza kutengeneza Beetle ya wazi mwaka 1949 waliongeza vyuma vya chini, na Beetle yenyewe sakafu yake inajitegemea, bodi imefungwa juu yake kwa bolti, ndio maana wanaochezea magari wanaipenda. Golf ya kwanza ya wazi nayo waliipa bomba zito linalovuka nyuma ya siti za mbele. Mazda MX-5 iliyotoka 1989 ilichorwa tangu mwanzo kuwa gari ya wazi, sio kwamba kuna mtu alichukua gari yenye paa akalikata akapaka rangi. Ukisikia fundi anakwambia "tunakata tu bosi, gari inakuwa nyepesi", ondoka hapo hapo, gari ya wazi iliyojengwa vizuri mara nyingi inakuwa nzito kuliko yenye paa kwa sababu ya hivyo vyuma.

Wiki 3 zikawa miezi minne ya longolongo. Mara umeme hakuna, mara kijana wa rangi amefiwa, mara chuma kimepanda bei ongeza 350,000 ya paipu za mraba, nikatuma. Halafu akaja na la kadi. Kadi ya gari yangu imeandika bodi ya aina yake na rangi nyeupe, sasa gari haina paa na ni ya bluu, hayo ni mabadiliko ya kupeleka TRA kadi ibadilishwe, mimi nilitaka kwenda mwenyewe yeye akasema "hiyo nitakumalizia mimi bosi, nipe 150,000 na kadi orijino". Hela nilimpa. Kadi namshukuru mke wangu, alikataa katakata, nikampa kopi. TRA hakuna kilichopelekwa mpaka leo. Wakuu, kadi orijino haitoki ndani kwenda kwa fundi, iwe kwa sababu gani, ukimpa kadi na gari na funguo umemwachia kila kitu cha kuiuzia.

Siku ya kuichukua ilikuwa jioni, taa za pale hafifu, rangi inang'aa, nikaona kama ndoto imetimia. Nikaendesha mpaka Magogoni kuvuka na pantoni. Wakati napanda, tairi moja la mbele limeshaingia kwenye pantoni na mengine bado yako nje, nikasikia mlio kama mtu anavunja kijiti na mlango wa abiria ukafunguka wenyewe. Mke wangu alikuwa kakaa pale. Jamaa wa pantoni ndiye aliyeudaka mlango. Tukaufunga haufungi, umepishana na kitasa chake karibu upana wa kidole. Tulipofika upande wa pili gari ikakaa sawa mlango ukafunga vizuri tu, na kioo cha mbele kina ufa kutoka kona mpaka katikati. Hapo ndipo nikajua gari inapinda kama turubai.

Kesho yake nikaipeleka kwa yule mzee. Akachukua sumaku ya spika mbovu akaipitisha chini ya mlango, kuanzia mbele inashika kidogo, katikati haishiki kabisa inaanguka, nyuma inashika tena. Akatoboa. Ile 350,000 yangu ya paipu za mraba ilikuwa hivi: kipande cha paipu kama urefu wa kiganja mbele, kingine hivyo hivyo nyuma, ili ukichungulia kwenye tundu uone chuma, na katikati yote kajaza povu lile la kupuliza la mafundi milango na madirisha, juu yake puti, ile dawa nzito ya kusawazishia bodi, juu ya puti rangi. Povu linakaa na maji humo ndani, mzee akasema kwa chumvi ya Kigamboni yale maboksi yangeoza kwa ndani bila mtu kujua. Kuchomelea kwenyewe katumia welding ya kawaida ya fimbo ya kuchomea mageti, bati la gari ni jembamba halifiki hata milimita moja, limetoboka toboka kama chujio na matundu kayaziba na puti.

Mikanda ndio iliniliza. Mkanda wa Starlet huwa unashikwa juu kwenye nguzo ya katikati, nguzo kaikata, kwa hiyo akahamishia mkanda sakafuni nyuma ya siti, bolti moja na wosha ndogo kwenye bati tupu, hakuna hata kibati kinene cha kushikilia kwa chini. Mzee aliweka nondo akakandamiza kidogo tu, bati likainuka kama mfuniko wa kopo la maziwa. Mke wangu alivuka nao ule. Zaidi ya hapo tukakuta masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, hayapo, betri si yangu, na tairi la spea limebadilishwa limewekwa kipara.

Nimempigia, kwanza alikuwa anapokea, "bosi lete nikurekebishie, ongeza hela kidogo ya vifaa", baadaye ka-block. Nilienda pale anapofanyia kazi nikakuta ni uwanja anakodi, mwenye uwanja anamdai na yeye. Kituoni nimefungua RB, nimepeleka miamala ya simu, chati, ile video ya kukata na picha za povu, na nimeshauriwa pia upande wa madai naweza kwenda mahakama ya mwanzo, naendelea navyo vyote viwili.

Sasa kwa nini naandika leo. Juzi nimeona katangaza rodsta "iliyokamilika" kwa 6.5m, March nyekundu, na anasifia milango imechomelewa moja kwa moja, unaingia kwa kuruka, "staili ya mashindano". Sikiliza, kuchomelea milango kama mtu kaifanya vizuri kwa urefu wote na chuma ndani ni kweli inaongeza ugumu wa bodi, kuna watu wanafanya hivyo kwa makusudi kwenye gari za uwanjani. Lakini nilimtuma rafiki yangu akajifanya mnunuzi, akakuta kwa ndani imeshikwa pointi nne tu kila mlango, kwingine puti. Yaani milango ilikataa kufunga kama yangu, badala ya kutibu kaigundisha kisha kaiita staili. Gari ikiwaka moto mtu mzima au mtoto anatokaje humo? Rafiki alijaribu kujua ya nani, namba ya chesisi pale kwenye ukuta wa injini imepakwa rangi nzito huwezi kusoma. Inawezekana kuna mwenye March yake anaitafuta.

Tangazo lake: ile picha ya kijani usukani kushoto, maneno "badilisha gari ya bibi iwe ya mjini wiki 3 tu", anaanza na bei ya chini, na ukimuuliza swali la chuma anakujibu kwa rangi. Ukitaka kumpima muulize tu utaanza kufunga nini kabla ya kukata. Na hata ukienda kwa fundi mwingine lipa kwa hatua, hela ya vyuma toa vyuma vikiwa vimeshawekwa na bado havijafunikwa, nenda na sumaku yako na upige picha kabla puti haijapita. Siku ya kuchukua gari ipandishe jeki kona moja ya nyuma halafu fungua na funga milango yote, kama inagoma usitoe iliyobaki, na nenda mchana.

Yangu iko kwa mzee saa hii, ameifunga vyuma vya msalaba kwenye milango na anaivuta irudi kwenye vipimo kidogo kidogo, sakafu anasema inaokoka ila maboksi ya chini yote yanatolewa. Kama umempa huyu jamaa hela au gari, au ile March nyekundu unahisi ni yako, nitumie ujumbe nikupe namba ya RB na kituo uongeze maelezo yako pale. Mpaka jana tumefika watatu.