Ubao wa vishimo 100 wa Kibuye: uzoefu wangu wa kumfundisha binti yangu kuzidisha na kugawanya

Mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 2 au ya 3 ambaye kuzidisha kunamlemea, namshauri autafute ubao huu. Ila akiagiza wake kwa fundi amweleze vizuri anachotaka, kwa sababu wangu ulikuja na kasoro ambazo zingeepukika.

Ubao wenyewe hauna makuu. Ni mbao ya saiprasi ya mraba, imetobolewa vishimo 100 visivyopenya upande wa pili, mistari 10 yenye vishimo 10 kila mmoja. Namba 1 mpaka 10 zimepakwa rangi juu na ubavuni. Unajaza vishimo kwa shanga. Ukitaka nne mara tatu, unaweka mistari minne ya shanga tatu tatu, unahesabu, unapata 12. Wazo ni la Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Katika vifaa vyake vya hesabu kuna ubao wa kuzidishia wenye vishimo 100 na mwingine wa kugawanyia wenye vishimo 81. Wangu ulitengenezwa na fundi wa mbao pale soko la Kibuye, hapa Kisumu, kwa shilingi 1,200. Shanga nilinunua kando kwa kina mama wanaouza za mapambo.

Binti yangu yuko Gredi ya 3. Kabla ya ubao tulikuwa na chati ya plastiki, ile wanayotembeza wachuuzi stendi, yenye jedwali zote kuanzia 1 hadi 12. Sina ugomvi na chati. Aliikariri na kuiimba vizuri, na kukariri kuna kazi yake, maana mtoto anayehesabu vidole katikati ya swali refu hupotea njiani. Lakini alichokuwa nacho ni wimbo. Ukimuuliza sita mara saba, ilibidi aanze na sita mara moja na kushuka nayo mpaka aifikie. Ukimuuliza 42 gawanya kwa 6 alinyamaza kabisa, kwa kuwa hakuna mahali kwenye ule wimbo panapoanzia 42.

Tulijaribu pia programu moja ya simu. Ilimpa swali na majibu manne achague moja, na mtoto mwerevu hujifunza upesi kukisia: tano mara kitu chochote huishia na 0 au 5, basi mengine anayatupa. Nyota zilimiminika, bando likaisha, na daftari la shule likabaki na makosa yale yale.

Ubao ulianza kumfaa mahali nisipotarajia. Alijaza mistari mitatu ya shanga saba saba, akahesabu 21. Nikaugeuza robo mzunguko, ubavu ukawa juu. Sasa mbele yake palikuwa na mistari saba ya shanga tatu tatu. Akanyoosha kidole ahesabu upya, akasita, akaniambia, "Lakini mama, hujaongeza kitu." Akaugeuza mwenyewe, akaurudisha, akaugeuza tena. Tangu hapo ukimuuliza nane mara tatu, anakwenda kwenye tatu mara nane ambayo anaijua, anakujibu bila wasiwasi.

Nadhani wazazi wengi hatujui jambo hilo dogo linapunguza mzigo kiasi gani. Jedwali la 10 kwa 10 lina majibu 100. Mtoto akishaona kwamba kugeuza hakubadilishi kitu, yanabaki 55 ya kujua. Toa ya 1, ambayo hayana kazi. Toa ya 10, ya 5 na ya 2, ambayo watoto huyashika mapema kwa kuhesabu sarafu na kuruka mbili mbili. Yamebaki 21. Ya 9 nayo unayapata kwa kupunguza kutoka ya 10: tisa mara saba ni 70 kasoro 7, yaani 63. Ukiyaondoa hayo unabaki na 15 tu. Tuliishusha ile chati ukutani, tukachukua kalamu nyekundu, tukawa tunakata moja moja. Nilimwona uso wake ukifunguka kadiri wekundu ulivyozidi. Majibu 15 mtoto wa miaka minane anaweza kuyamudu.

Katika hayo 15, lililomtesa ni saba mara nane. Hapa ndipo ubao ulipofanya kazi ambayo sijaona kifaa kingine kikiifanya. Alijaza mistari saba ya shanga nane nane. Nikachukua uzi, nikaulaza chini ya mstari wa tano. Juu ya uzi kuna tano mara nane, 40. Chini ya uzi kuna mbili mara nane, 16. Jumla 56. Kisha akaomba uzi wa pili. Akaushusha kutoka juu hadi chini baada ya shanga ya tano, na shanga zikagawika vipande vinne: 25, 15, 10 na 6. Akajumlisha, akapata 56 ile ile. Huo uzi wa pili ulikuwa wazo lake peke yake, na nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu hiyo ndiyo njia yenyewe atakayokutana nayo akianza kuzidisha namba za tarakimu mbili. Anayezidisha 23 kwa 14 anavunja 20 na 3, anavunja 10 na 4, anapata vipande vyake vinne, anajumlisha. Mtoto aliyeiona kwa shanga hatashtuka akiikuta kwa tarakimu.

Kugawanya kulikuwa kumeniogopesha zaidi. Kuna maswali mawili yanayoandikwa namna moja, ila mikono inafanya kazi tofauti. Ndizi 12 wape watoto 4 sawasawa, kila mmoja anapata ngapi? Halafu hili: una nyanya 12, unapanga mafungu ya nne nne, unapata mafungu mangapi? Yote mawili ni 12 gawanya kwa 4, na jibu ni 3. Lakini katika la kwanza unazunguka ukimpa kila mtoto moja, unarudi tena mwanzo, mpaka ziishe. Katika la pili unatoa nne unaweka kando, unatoa nne nyingine, halafu unahesabu umetoa mara ngapi. Mtoto aliyezoea la kwanza peke yake hukwama swali likija kwa sura ya pili. Nilimpeleka Kibuye Jumapili, siku ambayo soko hufurika, akasimama kwa mama mboga akimtazama anavyopanga mafungu yake. Nyumbani akarudia kwa shanga.

Kwenye ubao tunayafanya yote mawili. La kugawana, tunapanga vifuniko vya soda juu ya ubao, kila kifuniko ni mtu, na shanga zinashuka chini yake moja moja kwa zamu. (Ubao wa Montessori wa kugawanya una vinyago tisa vya kijani kwa kazi hiyo; vifuniko vinatosha.) La mafungu, vifuniko tunaviweka pembeni, tunajaza mstari mmoja mmoja. Shanga 26 kwa mafungu ya 6 zikatoa mistari minne na mbili zikabaki mkononi. Aliniuliza kwa nini zile mbili zisianzishe mstari wa tano. Nikamwambia mstari ni sita, hizi bado. Akafikiri kidogo, akasema basi zinazobaki haziwezi kufika sita kamwe, maana zikifika zinakuwa mstari. Kanuni ya baki ni hiyo, nzima, na ameitamka yeye.

Siku nyingine aliondoa vifuniko vyote, akabaki na shanga kiganjani, akauliza, "Sasa hizi nampa nani?" Nikamjibu kwamba ndiyo sababu hatugawanyi kwa sifuri. Lilimtosha, na kusema kweli mimi mwenyewe sikuwahi kulielezwa vizuri hivyo shuleni.

Mtoto wa dada yangu, aliye Gredi ya 2, huutumia akija kwetu. Kwa umri wake mtaala wa umilisi wa Kenya, uliozoeleka kwa jina la CBC, unaanza kuzidisha kama kujumlisha kwa kurudia, 3+3+3+3, na kugawanya kama kugawana sawa. Ubao unaingia hapo bila shida: kila mstari unaoongeza ni alama moja ya kujumlisha. Nyanya yao alipotoka Siaya kututembelea, aliutazama akauliza nani hapa anacheza ajua, yaani bao la Waluo la kugawa kete vishimoni. Akawafundisha mchezo huo kwa vishimo vya trei ya mayai na punje za mahindi, na wakajikuta wanakadiria kete zitaishia shimo gani kabla ya kuanza kuzigawa. Ningependa kuona ajua ikichezwa shuleni zaidi.

Sasa kasoro. Vishimo vya pembezoni vina kina kifupi, shanga zinaruka ukigeuza ubao, na kugeuza ndiko kunakofundisha. Rangi ya namba ilianza kufutika mapema kwa vidole vyenye jasho. Shanga hupotea, kwa hiyo nunua za ziada. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo anayetia kila kitu kinywani, hili si la mzaha: shanga inaweza kumkaba. Sisi tunazihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya kabati, na zinahesabiwa kila tukimaliza.

Kuna pia hili la mwendo. Ubao ni wa polepole, na mtoto anaweza kuzoea kuuegemea. Jibu likishaeleweka, lifunike kwa kitambaa, aseme bila kuona, kisha afunue ahakikishe. Binti yangu sasa anaufuata kwa saba na nane peke yake. Mengine yako kichwani. Chati imerudi ukutani na alama zake nyekundu.

Asiye na shilingi 1,200 asikate tamaa. Trei ya mayai ya kawaida ina nafasi 30, tano kwa sita. Kreti ya soda ina 24, nne kwa sita. Ukiwa na maharagwe na trei tupu unaweza kufundisha kugeuza, mafungu na baki mpaka 30, na hiyo inamtosha mtoto wa Gredi ya 2 kwa muda mrefu.

Nimeagiza ubao wa pili kwa ajili ya yule mtoto wa dada yangu, kwa fundi yule yule, kwa sababu mkono wake ni mzuri akielezwa. Safari hii nilimwambia, "Fundi, vishimo vyote viwe na kina kimoja, hata vya kona." Akasema, "Sawa mama, nitaweka alama kwenye drili." Namba atazichoma kwa chuma cha moto badala ya kupaka rangi, kingo zitapigwa msasa, na baada ya kishimo cha tano atachora mstari mwekundu, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, ili ubao ukatike robo nne za vishimo 25 na uzi usihitajike tena. Tumekubaliana shilingi 1,400.