Kamusi ya shilingi 400 isiyo na jalada

Kamusi hii ya Kiingereza kwa Kiingereza nimeinunua Jumamosi kwenye vitabu vya kando ya njia, Mtaa wa Tom Mboya, Nairobi. Jalada limeng'oka na kurasa za mwanzo hazipo, kwa hiyo mchapishaji simjui. Mama muuzaji aliponiona nasitasita aliniambia, "Tafuta neno lako kwanza, mwalimu. Usipolipata, rudisha tu."

Neno langu lilikuwa nauseously. Lilikuwa limenikwamisha siku mbili katika hadithi ninayoitafsiri: meli inayumba, abiria anameza mate nauseously. Kamusi ya simu, tena ya kulipia, ilinipa "kwa kichefuchefu", basi. Alimeza mate kwa kichefuchefu? Nani husema hivyo?

Nikachuchumaa palepale nikasoma. Nauseous ina maana mbili: chenye kuchefua, na mtu anayehisi kutapika. Ya kwanza ni ya zamani zaidi, na wapo waliong'ang'ania kwamba ya pili ni kosa, ingawa siku hizi ya pili imeenea mno. Kielezi kimezirithi zote. Basi kabla hujatafsiri lazima ujue anayeugua ni nani. Harufu ya mtaro wa majitaka ikipanda nauseously, harufu ndiyo inayotia kichefuchefu, na hapo Waingereza wengi wangependelea nauseatingly. Abiria wangu yeye ndiye mgonjwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni asili yake: Kilatini, kutoka Kigiriki, kwenye neno naus, yaani meli. Ugonjwa wa baharini! Nikakumbuka kwamba nasi husema bahari imechafuka, na moyo umechafuka, kitenzi kilekile. Nikaandika kwenye kiganja: "Alimeza mate, moyo ukimchafuka." Nikalipa bila kuomba kupunguziwa.

Kasoro zipo. Nauseously yenyewe imebandikwa mwisho wa maelezo bila mfano hata mmoja, na mwanafunzi atadhani haina lolote la kueleza. Herufi ni ndogo, usiku naisoma kwa tochi ya simu. Kurasa za Z zimechanika.

Mama bado alikuwa na nyingine mbili za aina hii, zenye majalada. Nendeni asubuhi, mawingu yakitanda anafunika vitabu vyote kwa nailoni na hakuna kupekua tena.